Picha za Habari za Zamani Zikikugomea: Dalili, Chanzo na Dawa

Nahariri video hapa Arusha, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Nusu ya kazi zangu ni harusi na kipaimara. Nusu nyingine ni watu wenye filamu za makala: mjukuu anataka simulizi ya babu yake, chama cha ushirika kinaadhimisha kuanzishwa kwake, mwanafunzi amepewa kazi ya Azimio la Arusha. Wote huja na flashi, na ndani yake kuna picha za habari za zamani zenye ugonjwa fulani. Swali huwa lilelile: "Kaka, hii niweke filta gani?"

Filta isubiri. Picha ya 1961 iliyokufikia leo imesafiri sana: filamu, projekta iliyorekodiwa ukutani, kaseti ya VHS, DVD, YouTube, halafu WhatsApp. Ugonjwa uliingia kwenye kituo kimojawapo, na dawa ya kituo kimoja ni sumu kwenye kingine. Fungua klipu, isogeze fremu moja moja kwa kitufe cha mshale, uangalie nini kinabadilika na nini kinajirudia. Ukimaliza hapo ndipo usome yanayofuata.

Watu wanatembea kama wamefukuzwa na nyuki

Filamu za kimya, na zile za milimita 16 walizopiga watu binafsi, wamisionari na walowezi, nyingi zilipigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde. Video yetu huku ni 25. Aliyeskani akilaza fremu moja ya filamu kwenye fremu moja ya video, mtu wa 16 anatembea zaidi ya mara moja na nusu ya mwendo wake. Dawa ni kupunguza kasi: asilimia 64 kama ilipigwa kwa 16, asilimia 72 kama ni 18.

Lakini kumbuka kitufe cha mshale. Kila fremu ikiwa mpya, skani ni safi, punguza bila wasiwasi. Fremu zikijirudia kila baada ya hatua kadhaa, kuna mtu alishainyoosha kabla yako. Ukipunguza tena, watu watatembea kama wamo kwenye tope la Machi. Ondoa kwanza zilizojirudia, ndipo uhesabu.

Hujui ilipigwa kwa kasi gani? Tafuta gwaride. Mwendo wa haraka wa askari waliofundishwa gwaride la mtindo wa Waingereza huwa karibu hatua 120 kwa dakika. Washa saa ya simu, hesabu miguu ya kushoto kwa nusu dakika. Ukipata 30 au pungufu kidogo, umefika. Pasipo gwaride, mtazame mtu mzima anayekatiza barabara bila haraka: hatua mbili kwa sekunde, wakati mwingine chini kidogo. Usipime kwa wacheza ngoma, hapo utajidanganya.

Sinema za habari zenye sauti, kuanzia miaka ya 1930, zilipigwa kwa fremu 24. Hizo zikikimbia, kamera haina kosa. Kuna aliyeharibu njiani.

Mdomo unasema yake, sauti yake

Kuna aina tatu, na ukizichanganya utahangaika wiki nzima.

Ya kwanza: sauti inatangulia picha kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, sekunde moja na ushei. Hiyo ni saini ya filamu ya milimita 16 yenye sauti. Sauti huchapwa pembeni mwa filamu fremu 26 mbele ya picha yake, kwa sababu kwenye projekta dirisha la picha na kisoma sauti haviko sehemu moja. Dirishani filamu huenda kwa kushtuka, inasimama, inasukumwa, inasimama. Sauti inataka kupita laini. Aliyeskani akisoma vyote kwa mstari mmoja bila kurekebisha, sauti inafika kabla ya mwenye mdomo. Isogeze fremu 26 baadaye, basi. Nikihesabu nikakuta ni 26 kamili, nafurahi kama fundi umeme aliyeona waya uliokatika.

Ya pili: zinaanza pamoja halafu zinaachana pole pole. Hapo picha ya fremu 24 inachezwa kwa 25 na sauti imebaki kwenye mwendo wake. Pengo linaongezeka sekunde 2.4 kila dakika; hotuba ya saa nzima, picha inamaliza kwa dakika 57 na sekunde 36 huku sauti bado inahutubia. Unaweza kuharakisha sauti au kupunguza picha hadi asilimia 96. Mimi hupunguza picha. Sauti ikiharakishwa bila kulinda kimo chake, yaani unene au wembamba wake, inapanda karibu nusu noti, na sauti ya Mwalimu Nyerere inakaa masikioni mwa kila Mtanzania aliyekua na redio. Hawatajua kuna nini, ila watasema "mbona kama si yeye."

Ya tatu ndiyo inayotesa: hapa zinapatana, pale hazipatani, kisha zinapatana tena. Ukikuta hivyo, acha kusogeza. Yaelekea picha si ya hotuba hiyo.

Wapigapicha wengi wa habari wa miaka ya 1950 na 1960 walibeba kamera za kukaza springi kama saa ya mezani. Bolex ya milimita 16 ikikazwa hadi mwisho hukimbia chini ya nusu dakika, na rili ya futi 100 inaisha kwa dakika mbili na sekunde 46. Huwezi kurekodi hotuba ya saa moja kwa kifaa hicho, na sauti hakichukui kabisa. Kwa hiyo jamaa alipiga kiongozi akiingia, mdomo kidogo, umati ukipiga makofi, mdomo tena, kiongozi akiondoka. Hotuba yenyewe ilikuwa kwenye tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka ikapita, mtu akaoanisha vitu viwili visivyozaliwa pamoja.

Kuoanisha si dhambi. Ila ukijua hivyo, usimwonyeshe mzungumzaji kwa karibu. Tumia umati, mikono, mgongo wake, vipaza sauti. Kama lazima mdomo uonekane, tafuta kwenye picha mahali midomo inapofumba, uoanishe na sauti za b, p na m. Kwa Kiswahili ziko tele, "wananchi" haina ila "Tanzania ni moja" unayo. Ukipata mbili mfululizo zinazolingana, kata haraka kabla mtazamaji hajaanza kuchunguza.

Kingo zenye meno ya kitana

Mkono ukipungwa, ukingo wake unakuwa na meno. Hii imetoka kwenye video ya kanda, si filamu: kila fremu ni mistari ya nyakati mbili iliyosukwa pamoja, 50 kwa sekunde, kwa ajili ya TV za chogo. Isukue kwa kichujio cha bwdif kwenye programu ya FFmpeg, au kwa programu ya HandBrake, zote bure, kabla ya kubadili ukubwa wa picha. Ukibadili ukubwa kwanza, meno yanaganda na hayatoki tena. Na kama baada ya kusukua gari linaenda mbele, nyuma, mbele, nyuma, umegeuza mpangilio wa mistari. Bonyeza ule mwingine.

Michirizi inayocheza chini kabisa ya picha ni ya VHS, ndivyo kaseti ilivyo. Kata pale chini kidogo, endelea.

Watu wanene, magurudumu kama yai

Picha ya 4 kwa 3 imevutwa ijaze skrini ya 16 kwa 9. Irudishe ilivyokuwa, acha weusi pembeni. Najua mteja atasema "mbona haijai?" Mweleze kwamba kuijaza kwa kukata maana yake ni kutupa robo ya picha, na mara nyingi robo hiyo ni kofia ya mtu au miguu ya wacheza ngoma. Asipoelewa, mwonyeshe zote mbili. Huwa wanaelewa.

Kila kitu kimekuwa chekundu

Filamu nyingi za rangi za miaka ya 1950 hadi 1970 zilipoteza rangi hata zikiwa zimefungiwa kwenye kopo gizani. Ile rangi ya samawati-kijani ndiyo hutangulia kufifia, unabaki na nyasi za waridi na mbingu ya zambarau. Rekebisha kila mkondo wa rangi peke yake, ukianza na weusi na weupe, halafu ngozi za watu. Rangi iliyokwisha haitarudi, kwa hiyo usilazimishe majani yawe ya kijani cha tangazo. Kuna kazi moja niliiacha nyeusi na nyeupe kabisa, ikapendeza kuliko toleo lolote la rangi nililojaribu.

Nyuso za nta

Klipu ilikuwa na mistari 240, mtu akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, ikatoka 4K. Angalia mabango ya waandamanaji: herufi zimekuwa michoro isiyosomeka kwa lugha yoyote. Angalia nyuso za mstari wa nyuma: macho yote yanafanana. Programu haikufufua kilichokuwepo, imebuni. Kwenye video ya harusi nitavumilia. Kwenye picha ya habari, sura ya mtu aliyekuwa pale siku ile ndiyo ushahidi, na huwezi kumpa sura nyingine. Rudi kwenye klipu chafu. Hata rangi zilizopakwa juu ya picha nyeusi na nyeupe ni kubahatisha. Gauni la yule mama huenda halikuwa la buluu hata kidogo.

Umetafuta mpaka umechoka

Kijana mmoja alitaka nimsaidie kupata taarifa ya habari ya TV ya msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984, jinsi Watanzania walivyoiona jioni ile sebuleni. Dogo, Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tulisikiliza redio. Picha zilizopo zilipigwa kwa filamu au kanda na vitengo vya serikali, Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968, au mashirika ya nje.

Kwa ya nje, jua majina yalivyorithishana, maana utatafuta jina lililokufa. Visnews ilianza London 1957 kwa jina jingine refu, ikaishia mikononi mwa Reuters. UPITN ikawa WTN, na WTN ikanunuliwa na AP mwaka 1998. Ukiona jina la zamani kwenye maelezo, andika barua kwa mrithi. Na tafuta kwa tahajia za wakati ule: "Tanganyika", si Tanzania, kwa chochote cha kabla ya 1964.

Anayefuatilia kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda asihangaike mbali. Mahakama ilikuwa hapahapa Arusha, ikafunga kazi mwisho wa 2015, na kumbukumbu zake zinatunzwa Lakilaki na taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi shughuli zake. Vikao vya faragha na mashahidi waliofichwa, hivyo hutapewa.

Mzee anakwambia sivyo ilivyokuwa

Hii haina filta.

Tulikuwa na filamu ya mwanafunzi kuhusu Azimio la Arusha. Sehemu ya Februari 1967 ilikuwa na umati mzuri, bendera, nyimbo. Kabla ya kuifunga tukaipeleka Kaloleni kwa mzee mmoja mstaafu anayekaa si mbali na jumba la makumbusho ya Azimio. Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, akasogeza miwani, akatazama kimya. Tulipofika kwenye umati akanyoosha kidole, akakigusa kioo cha skrini, alama ya kidole ikabaki pale.

"Hicho nini nyuma yao?"

"Mnara, mzee."

"Mnara wa nini?"

Nikanyamaza. Mwanafunzi akanyamaza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mnara wa kukumbuka kitu umewahi kufika kabla ya kitu chenyewe?"

Ulikuwa umati wa maadhimisho ya miaka ya baadaye, na aliyeipandisha mtandaoni aliandika 1967. Nilikuwa nimeitazama klipu ile mara hamsini nikisahihisha rangi. Nyumbani kwa mzee ilichukua dakika mbili.

Tangu hapo, kabla ya kumsumbua mzee yeyote, napita mwenyewe. Bendera kwanza, hata kwenye nyeusi na nyeupe: ile ya Tanganyika mistari yake imelala sawa, ya Jamhuri ya Muungano imekatiza mshazari, na hiyo ya pili haikuwepo kabla ya 1964. Jembe na nyundo ni CCM, kwa hiyo ni Februari 1977 au baadaye. Majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, yakitokea nyuma ya Nyerere kijana, kuna uongo mahali, kwa sababu ni ya miaka ya 1970. Namba za magari zinazoanza na T, tarakimu tatu na herufi tatu, ni za miaka ya 2000. Na Nyerere akitembea kwa miguu na fimbo na umati nyuma yake, watu hupenda kuandika "Arusha, Azimio". Safari yake mashuhuri ya miguu ilikuwa ya kutoka Butiama kwenda Mwanza, Oktoba 1967.

Tarehe ya kwenye maelezo nayo iulize. Filamu ilisafirishwa kwa ndege mpaka London, ikasafishwa, ikakatwa, ikatolewa. Iliyoandikwa mara nyingi ni siku ya kutolewa.

Mimi nami nimo kwenye orodha ya waliokosea. Nilitafuta "mkataba wa amani Arusha" kwa ajili ya kipande cha Rwanda, nikapata picha safi ya marais mezani, nikaibandika. Dada aliyeandika hadithi akaitazama akauliza kwa upole, "Mandela alikuja kufanya nini hapa 1993?" Arusha imetiwa saini nyingi mno. Agosti 4, 1993 ni Rwanda, na mwenyeji ni Mzee Mwinyi. Novemba 30, 1999 ni Jumuiya ya Afrika Mashariki: Mkapa, Moi, Museveni. Agosti 28, 2000 ni Burundi, ndiyo ya Mandela, na Clinton yumo. Siku hizi nikiletewa picha ya mkataba nahesabu nyuso kabla ya kuhesabu fremu.

Dalili ya mwisho ya kundi hili: picha ni nzuri kupita kiasi. Mlango unafunguliwa na kamera tayari iko ndani inamsubiri mgeni. Gari linapita, kisha tunaliona hilohilo kutoka upande wa pili bila vumbi kutulia. Basi ilipangwa, wakarudia. Watengenezaji wa habari walifanya hivyo tangu mwanzo; mwaka 1898 jamaa wawili wa Vitagraph, kampuni ya filamu ya Marekani, walipiga vita vya majini vya Cuba kwa meli za karatasi ndani ya beseni la maji. Na ukiona faru na malori ya Momella kwa rangi za kung'aa mno, hakikisha si kipande cha Hatari!, sinema ya John Wayne iliyopigwa maeneo hayo na kutoka 1962. Nimeshaletewa mara mbili kama "habari za Arusha ya zamani".

Nembo katikati ya picha, au ujumbe wa madai

Nembo na namba zinazokimbia juu ya picha maana yake una nakala ya kutazamia tu. Usizifute kwa programu. Zile namba ndizo zitakazomwezesha mwenye mali kukutafutia sekunde unazotaka kwenye nakala safi.

British Pathé, wenye hifadhi ya sinema za habari za Uingereza, walipandisha filamu 85,000 YouTube mwaka 2014, na tangu hapo watu wanaamini ni za bure. Ni za bure kutazama. Ukiomba leseni utaulizwa mambo matatu: itaonyeshwa wapi, kwa njia gani, kwa muda gani. Tamasha la filamu peke yake ni bei tofauti na TV na mtandao dunia nzima. Maliza kukata kwanza, ujue unahitaji sekunde ngapi, ndipo uombe bei. Wengi hutoza kwa sekunde na wana kiwango cha chini. Muziki ulio chini ya sauti ya msimulizi unaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa. Za nyumbani zinaangukia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mwone mwenye picha, na ukikwama uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hata ukilipa, mashine ya YouTube inaweza kukushika. Weka barua ya leseni kwenye folda ileile ya projekti, uitume, usubiri.

Kopo linanuka siki

Hii ni dharura. Filamu ya asetati, aina ya plastiki, inaoza, na harufu hiyo ni asidi inayoharakisha uozo wake yenyewe na wa majirani zake kabatini. Litenge na makopo mengine leo hii. Usiipitishe kwenye projekta "kuona kuna nini". Imesinyaa, meno ya projekta yataichana matundu. Ya milimita 16 kwa kawaida haina hatari ya kulipuka moto, maana karibu zote hazikutengenezwa kwa nitrati, ile filamu ya zamani inayowaka upesi. Ya milimita 35 ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 inaweza kuwa nayo, hiyo usiiweke hata ndani ya gari lililoegeshwa juani. Weka mahali pakavu na pa baridi kadiri uwezavyo, tafuta mwenye skana isiyotumia meno, na ukiirudisha kwa mwenyewe mpe kopo jipya lisilobana hewa. Lile la zamani lenye kutu usilitupe kabla hujapiga picha mfuniko: mara nyingi tarehe na jina la kijiji vimeandikwa pale kwa penseli, na hakuna mahali pengine vilipo.